Mjusi wa Tanga Aliyeogelea

Ukimaliza kula samaki, utazame mgongo wake kabla ya kuutupa. Upande wa mkiani utaona miiba mirefu, mingine juu na mingine chini. Miiba hiyo ndiyo inayoupa mkia upana. Samaki akiupiga mkia huku na huku, maji husukumwa, naye huenda mbele.

Karibu na mji wa Tanga ilipatikana mifupa ya mnyama iliyogeuka mawe. Mwaka 1924 mtaalamu S. H. Haughton alimpa mnyama huyo jina la Tangasaurus, yaani "mjusi wa Tanga". Aliishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na watu duniani.

Tangasaurus hakuwa samaki. Alikuwa na miguu minne yenye vidole, kama kenge. Lakini mifupa ya mkia wake ilikuwa na miiba mirefu. Kwa hiyo wataalamu wanasema aliogelea.

Ndugu zake pia wamepatikana. Hovasaurus alipatikana Madagaska. Mkia wake ulikuwa mrefu kuliko mwili, tena mpana. Tumboni mwake zilikutwa changarawe alizomeza. Huenda zilimwongezea uzito ili azame. Kenyasaurus alipatikana Mariakani, nchini Kenya, akapewa jina mwaka 1977. Miiba ya mkia wake ni mifupi. Huyu anahesabiwa kuwa mnyama wa nchi kavu.

Je, ndugu hawa walivukaje bahari? Hawakuivuka. Zamani hizo Afrika na Madagaska zilikuwa nchi moja.

Je, mnyama wa nchi kavu huwaje mwogeleaji? Si kwa siku moja. Katika kila kizazi, wachache huzaliwa na mkia mpana kidogo kuliko wenzao. Hao huogelea vizuri, hupata chakula zaidi na huzaa zaidi. Watoto wao hurithi mkia huo. Baada ya vizazi vingi sana, ukoo mzima hubadilika.

Habari zote hizi zimesomwa katika mawe. Wewe umejifunza kusoma karatasi. Wataalamu husoma mifupa. Lakini pigo moja la nyundo laweza kuharibu ukurasa usio na nakala. Ukichimba kisima au kupasua mawe, ukaona umbo la mfupa, usiling'oe wala kuliuza. Liache mahali pake, weka alama, kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji. Mahali lilipolala nako ni sehemu ya habari.

Maswali
1. Wataalamu walijuaje kwamba Tangasaurus aliogelea?
2. Kenyasaurus na Hovasaurus walitofautiana nini?
3. Utafanya nini ukiona mfupa ndani ya jiwe?