Kuwapeleka Watoto Kuvua Ziwa Erie Mwezi Mei

Familia iliyotoka Uvira au Kigoma na sasa inaishi Columbus, Ohio, haiko mbali na ziwa kama inavyodhani. Mwendo wa saa mbili hivi kwa gari unakufikisha Port Clinton, mji wa boti za kukodi ufukweni mwa Ziwa Erie. Samaki anayefuatwa huko ni walleye, mwenye mnofu mweupe usio na shombo kali. Kufikia mwishoni mwa Mei huwa ameshataga na ana njaa. Jumamosi za mwezi huo hujaa mapema, kwa hiyo anza kupiga simu baridi ikiwa bado haijaisha.

Kabla ya kuuliza bei, hesabu vichwa. Manahodha wengi wana leseni ya kubeba abiria wasiozidi sita, na mtoto wa kubebwa naye ni abiria. Mkiwa saba, tafuteni boti kubwa iliyokaguliwa kwa idadi hiyo, au mgawanyike.

Swali la pili, ambalo wengi hawaliulizi, ni namna mtakavyovua. Boti nyingine hukokota mishipi kutwa, fimbo zimechomekwa kwenye vishikio, na abiria kazi yao ni kusubiri. Watu wazima hufurahia. Mtoto wa miaka saba ataomba simu baada ya nusu saa. Omba boti iachwe ielee na upepo, kila mmoja ashike fimbo yake, nyungunyungu kwenye ndoana. Mtoto akishausikia mdonoo mkononi mwake, hatabanduka. Uliza pia kama kuna safari ya nusu siku, maana saa nane majini ni nyingi mno kwa wadogo.

Kila aliyetimiza miaka 16 anahitaji leseni yake ya uvuvi ya Ohio. Ya nahodha haimfuniki abiria. Hununuliwa mtandaoni, na ipo ya siku moja. Kikomo cha samaki kwa siku na urefu unaoruhusiwa hupangwa na jimbo, hivyo mwachie nahodha awapime.

Upande wa magharibi wa Erie una kina kifupi, wastani wa mita 7 hivi, na upepo huamsha mawimbi mafupi makali kwa muda mdogo. Nahodha akiahirisha safari alfajiri, msibishane naye. Ila mjue tangu siku ya kutoa arbuni kama itarudishwa au itahamishiwa tarehe nyingine. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda boti. Mfamasia atakwambia kipimo cha mtoto. Vaeni nguo nzito, kwani majini ni baridi hata kama bandarini mnatoka jasho. Hakikisha kuna jaketi okozi za saizi ya watoto: ya mtu mzima humchomoka mtoto kichwani.

Bakshishi ya msaidizi wa nahodha, asilimia 15 hadi 20 ya bei, haimo kwenye malipo. Wekeni noti kando.

Mkirudi, samaki hupelekwa kwa wasafishaji wanaotoza kwa uzito. Wao hutoa minofu tu na mengine hutupa. Kama mnataka supu ya vichwa, semeni kabla kisu hakijaanza kazi: aparuliwe magamba, atolewe matumbo, abaki mzima. Deli la barafu mje nalo kutoka nyumbani.