Punda na majani mabichi ya mvua

SWALI: Daktari, mvua imenyesha na kando ya mto Ngong, hapa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, majani yameota. Punda wangu wa mkokoteni amezoea nyasi kavu. Nimwachilie ale ashibe?

JIBU: La, si kwa ghafla. Majani machanga huwa na sukari nyingi, na tumbo la punda huzoea chakula kipya polepole. Mpe nyasi kavu kwanza, kisha mpeleke malishoni nusu saa. Uongeze muda kidogo kidogo kwa wiki mbili. Kila asubuhi mguse kwato, kwa kuwa sukari hiyo huweza kuziumiza. Zikiwa na joto, au akisitasita kukanyaga, mwondoe malishoni, usimfunge mkokoteni, na umwite daktari wa mifugo. Punda huficha maumivu. Akikataa chakula, jua hali ni mbaya. Okota plastiki malishoni pia: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, lakini bado imezagaa, na ikiziba utumbo huua.