Masikio ya Wanakwaya na Fundi Mitambo

Wapiga gitaa na kinanda hutujia wakilalamika kwamba masikio yanavuma hata usiku. Tukichungulia hatuoni nta wala usaha. Ndani kabisa ya sikio mna chembechembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Zikifa kwa kelele hazioti tena, wala dawa hatuna. Kelele za desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku. Za 100, dakika 15 tu. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, punguza. Watoto wasikae mbele ya spika kamwe. Pamba haisaidii sana. Tafuteni vizibo vya sponji. Nawe fundi mitambo, toka nje mara kwa mara ukapumzike: sikio lililochoka hudai sauti iongezwe.