Safu ya Afya: Kukimbia Peku katika Ardhi ya Lubumbashi

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 26, mkaaji wa Katuba, nami hukimbia kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Shemeji yangu aliyeko Ubelgiji amenitumia viatu vya soli nyembamba, vyenye nafasi ya kila kidole, akisema kwamba huko wakimbiaji wengi wamevirudia kwa ajili ya afya. Tangu nianze kuvivaa mwezi huu, mashavu ya miguu yananikaza, na kisigino kinaniuma ninapoamka. Je, niendelee mpaka nizoee, nivue kabisa nikimbie peku kama wazee wetu, ama nirudie raba zangu?

JIBU: Mwanangu, tuanze na maumivu yako, maana mengine yaweza kungoja. Kisigino kiumacho katika hatua za kwanza za asubuhi, kisha kikapoa kadiri mtu anavyotembea, aghalabu ni dalili ya kuumia kwa ule utando mnene utokao kisiginoni na kutandaa chini ya wayo hadi penye mashina ya vidole, ambao ndio uushikao uvungu wa mguu usilale chini; na huko kukaza kwa mashavu ya miguu kwatokana na kazi mpya iliyotwikwa misuli yake, pamoja na lile kano kubwa liishialo kisiginoni. Viweke kando viatu hivyo kwa sasa, rudia raba zako, punguza masafa, wala usidhani kuwa kuvumilia uchungu ndiko kuzoea. Walakini ukiona maumivu yamekusanyika mahali pamoja juu ya wayo, mahali pawezapo kufunikwa na ncha ya kidole, tena pamevimba, usikimbie kamwe mpaka uonwe na tabibu, kwa kuwa yamkini mfupa umeanza kuingia ufa.

Hadhari hii ina ushahidi. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walitoa habari za wakimbiaji 36, ambao baadhi yao walizoezwa viatu vya namna hiyo hiyo ya vidole kwa muda wa majuma 10. Na miguu yao ilipotazamwa kwa mashine ya sumaku, 10 katika wale 19 waliovivaa walionekana kuzidi majimaji ndani ya mifupa, nayo ni alama ya mfupa uliolemewa kabla haujapata nafasi ya kujijenga. Misuli huchoka ikakuarifu; mfupa hunyamaza hata udhurike.

Najua rafiki zako watakutajia Abebe Bikila, na wana haki ya kumtaja, kwa maana tarehe 10 Septemba 1960, katika njia za mawe za mji wa Roma, Mhabeshi yule alishinda mbio za marathoni za Olimpiki kwa miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata nishani ya dhahabu katika michezo ile. Lakini wamsifuo kwa Roma wasiisahau Tokyo, ambako mwaka 1964, akiwa amevaa viatu, tena majuma machache tu baada ya kupasuliwa kidole-tumbo, alishinda mara ya pili kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Nguvu ilikuwa ya Bikila mwenyewe, aliyoilimbikiza kwa miaka ya mazoezi katika milima ya kwao. Na hiyo ndiyo isiyouzwa dukani wala kutumwa na shemeji.

Ama elimu ya jambo hili, sehemu yake kubwa imechotwa kwa ndugu zetu wa nchi ya Kenya. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliowapima wakimbiaji wa Bonde la Ufa, wakiwamo vijana waliokua bila viatu, waliandika katika jarida la Nature kwamba aliyezoea kukimbia peku aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na hivyo huepuka ule mshindo wa ghafula umpatao atuaye kwa kisigino. Watu wengi walidhani mambo yamekwisha. Kumbe miaka mitatu baadaye wataalamu wengine, walipowapima Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, ambao nao wamezoea kwenda peku, waliona kwamba wengi wao, katika mwendo wao wa kawaida wa mbio, hutua kwa kisigino. Basi hakuna namna moja iliyoumbiwa wanadamu wote. Fauka ya hayo, atuaye kwa mbele haupotezi mzigo, bali auhamisha: goti lapumzika kidogo, na kano la kisigino pamoja na shavu la mguu vyaubeba. Huko ndiko unakoumia wewe.

Sipendi hata hivyo udhani kwamba nakutetea kiatu kinene. Mguu una mifupa 26 na misuli mingi midogo inayodhoofu ikikosa kazi, na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kuwa watu wazima waliovaa viatu vyepesi katika shughuli zao za kila siku kwa miezi 6 waliongeza nguvu ya miguu yao kwa zaidi ya nusu. Angalia: ni katika shughuli za kila siku. Kwa watoto nako, uchunguzi uliofanywa Bara Hindi na kuchapishwa mwaka 1992 juu ya watoto 2300 ulikuta miguu bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu, na asilimia 2.8 tu ya wasiovaa. Kwa hiyo mzazi asimkaripie mtoto achezaye peku katika ua uliofagiwa.

Katika ua uliofagiwa, nasema, kwa maana ardhi ya mji wetu ina mambo yake. Masika yaanzapo mwezi wa Novemba na mifereji ikafurika hata katika vichochoro vya mitaa yetu ya Katuba na Kenya, udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi huhifadhi viluwiluwi vya safura, vinavyopenya ngozi ya wayo, vikaenda kwa damu hadi mapafuni, vikapanda kooni na kumezwa, kisha vikakaa utumbo mwembamba vikinyonya damu mpaka mtu akapauka na kuishiwa nguvu. Misumari na vigae vya chupa huleta pepopunda, ambayo sugu ya wayo, hata iwe nene namna gani, haiizuii. Tena kuna vumbi: mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walidhihirisha kuwa watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya madini vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Sisemi kwamba madini hayo hupenya wayo. Nasema vumbi lililoshika miguu huingia nyumbani, likafika mikononi mwa watoto na vinywani mwao. Oga miguu kabla ya kuvuka kizingiti.

Na wapo maelfu wasiouliza swali lako, kwa kuwa wanakwenda peku kwa kukosa pesa ya viatu. Yanichoma moyo kusikia hali yao ikisifiwa kuwa ni siha ya asili. Mtoto yule ahitaji makatambuga ya mpira wa gari, na choo, na dawa ya minyoo.

Mwenye kisukari asijaribu peku hata nyumbani, maana ganzi humfanya akanyage msumari asijue.

Wewe, kisigino kikishapoa kabisa, anza kwa kutembea peku uani, dakika chache kila jioni, ukiinua visigino polepole na kuvishusha. Kisha vaa viatu vya shemeji katika matembezi. Na baada ya miezi, si majuma, kimbia navyo dakika tano mwishoni mwa mbio zako, mahali pa nyasi ulipopakagua kwa macho, ukiongeza kidogo tu maadamu asubuhi ifuatayo haina maumivu. Chanjo ya pepopunda ikiwa huikumbuki ulipoipata, ipate kwanza. Na kama kisigino hakijapoa baada ya majuma sita ya kupunguza mbio, nenda Hospitali ya Sendwe, ukichukua jozi zote mbili za viatu, vya zamani na vipya, tabibu azitazame soli zake zilivyolika.