Utungaji wa Papo kwa Papo katika Kazi ya Usanifu: Kutoka Kamĩrĩĩthũ hadi Cheptais

Katika taaluma ya fasihi simulizi tumezoea kuuhusisha utungaji wa papo kwa papo na manju au mtambaji, msanii anayeyazua maneno yake huku akiikabili hadhira. Makala haya yanadai kwamba mbinu hiyo yafaa pia katika usanifu wa majengo. Si ajabu kwamba neno "usanifu" lenyewe hutumika kwa shairi na kwa jengo.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mwaka 1977 wakazi wa kijiji hicho, wakiwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliitayarisha tamthilia ya Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji wakawa wanarekebisha lugha ya wahusika wazee pamoja na nyimbo. Linalosahaulika ni kwamba waliusanifu hata ukumbi: walilipanga jukwaa ardhini kwa njiti za kiberiti, wakaunda kielelezo kidogo, ndipo wakajenga uwanja wa watazamaji zaidi ya 2,000. Mchezo ulipigwa marufuku Novemba 1977, na ukumbi ukabomolewa Machi 1982.

Sasa tuchukue soko la Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na tuseme banda jipya linakusudiwa. Mchoraji akibaki ofisini Bungoma atapata vipimo tu. Afadhali aje na majivu na kamba, aichore mipaka ya banda ardhini kwa ukubwa wake halisi. Mwigizaji mmoja abebe gunia la viazi, gunia la kweli. Mwingine awe mama mwenye mtoto mgongoni. Wa tatu awe mtoza ushuru. Wa nne mwendesha bodaboda anayetaka kupita. Mwelekezaji apaze sauti "Mvua!" wakati wowote. Hakuna maneno yaliyoandikwa. Kanuni ni moja: analozua mwenzako lipokee, kisha uliendeleze. Akisema njia imeziba, basi imeziba. Mchoraji hasemi, anaandika mahali watu wanapogongana, gunia linapotuliwa, na nani analowa. Kamba zisogezwe, mchezo urudiwe. Augusto Boal wa Brazili aliwaruhusu watazamaji waingie jukwaani na kuubadili mwenendo wa mchezo. Hapa kinachobadilika ni ukuta.

Lugha iachwe huru, iwe Kisabaoti, Kibukusu au Kiswahili. Anayelazimishwa kusema Kiswahili sanifu (hata na sisi wa chama hiki) atahutubia badala ya kuigiza. Vilevile, chifu akiketi mbele, muuza vitunguu hatanung'unikia ushuru. Lakini akipewa nafasi ya kumwigiza mtoza ushuru, atayaonyesha yote. Jambo hili lina uzito katika eneo lililoumizwa na machafuko ya mizozo ya ardhi ya 2006 hadi 2008. Nani apate kibanda kilicho karibu na lango si suala la vipimo peke yake.

Nguzo ibebe uzito gani, hilo ni la mhandisi na hesabu zake, uigizaji hauligusi. Wenye nia ya kuijaribu mbinu hii wakati wa likizo wachague siku isiyo ya soko, kwani siku ya soko hakuna nafasi ya kuchora wala mtu mwenye muda wa kucheza.