Kuchagua Mshipi na Mashine ya Kuuzungushia

Mtu akitoka mgodini na mshahara wake akapita Bukavu, huona dukani mashine ndogo inayong'aa, yenye mkono wa kuzungusha, imefungwa juu ya ufito wa kuvulia. Hiyo ndiyo mulineti. Moyo humwambia, nunua. Basi, kabla hujatoa faranga zako soma habari hii, maana fedha hiyo ndiyo chumvi na nguo za watoto wako.

Mashine hii si kitu cha juzi. Mwaka 1905 Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo, alipata hati ya kuivumbua. Aliona jinsi uzi unavyotoka katika bobini pasipo bobini yenyewe kuzunguka, akafanya vivyo hivyo kwa mshipi, na kwa hiyo hata chambo chepesi huenda mbali. Wazungu huvulia samoni, samaki wakubwa wa mito yao. Sisi samoni hatuna. Tuna tilapia na kambale, nao hawadai mashine ya bei kubwa. Hata mshipi uliozungushwa juu ya kijiti huwapata. (Sambaza, walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, huvuliwa kwa nyavu na taa usiku.) Basi fedha yako iweke kwanza katika mshipi na ndoana, mashine iwe ya mwisho.

Tazama maandishi juu ya bobini ya mshipi: pameandikwa unene kwa milimeta na nguvu kwa kilo. Nailoni ya milimeta 0.30 hushika kilo 6 au 7 hivi, nayo yatosha kwa tilapia wa ziwani, ambako maji ni safi na samaki akiona mshipi mnene huondoka. Lakini katika mito ipitayo penye kuoshwa dhahabu maji ni matope matupu. Huko kambale hatazami, hunusa tu, tena mshipi husuguana na mawe na magogo. Nunua wa 0.40 au 0.50. Wala usikubali kuuziwa mita 300. Chini sana katika Ziwa Kivu maji hayana hewa ya kuvuta, samaki hawaishi huko. Mtu avuaye ukingoni mita 100 zamtosha.

Adui wa nailoni ni jua. Mimi mwenyewe nilinunua kwa bei nafuu bobini iliyokaa siku nyingi mlangoni pa duka, juani. Jioni kambale mkubwa akashika, nikavuta, mshipi ukakatika kama uzi wa buibui, naye akaenda na ndoana yangu. Nyumbani tulikula sombe tupu. Basi mwombe mwuzaji akufungulie mshipi wa urefu wa mkono, zungushia kitambaa viganjani, uvute kwa ghafula. Ukikatika kwa urahisi, mrudishie.

Sasa mashine. Tikisa mkono wake. Ukichezacheza sana, acha. Kisha pitisha uzi wa pamba mahali mshipi unapopita. Pamba ikinasa, pana ncha, nayo itakata mshipi wako siku ya samaki mkubwa. Ukiwa nyumbani jaza bobini mpaka zibaki milimeta 2 hivi chini ya ukingo wake. Ikipungua, mshipi husugua ukingo wala hauendi mbali. Ikizidi, hutoka mafungu mafungu ukafungamana.

Breki ndiyo watu wengi huisahau, nayo ndiyo iokoayo mshipi. Chupa ya lita 1 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 1 na zaidi kidogo. Kama mshipi wako hushika kilo 6, funga chupa 2 katika ncha yake, shika mashine mkononi, chupa zining'inie, ukalegeze breki mpaka mshipi uanze kutoka polepole. Hapo iache. Samaki akikimbia, mshipi utatoka kabla ya kukatika.

Ukifunga ndoana, lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu hupata moto kwa kusuguana, ikapoteza nguvu. Vipande vilivyokatika uvitie mfukoni. Nailoni haiozi upesi, na ndege na kuku hunaswa miguu. Na ukirudi, legeza breki, futa matope, weka mashine mahali pasipo jua.