HULA: NGOMA YENYE MANENO

Wengi wetu tukisikia neno Hawaii tunafikiria ufuo, mashada ya maua na wasichana wanaokata viuno mbele ya watalii. Ngoma hiyo inaitwa hula. Hebu tuitazame vizuri, maana kiuno ndicho kitu kidogo kabisa ndani yake.

Hawaii ni visiwa vya bahari ya Pasifiki, na wenyeji wake ni Wapolinesia, ndugu za Wamaori na Watahiti. Zamani hawakuwa na maandishi. Nasaba za machifu, sifa za miungu na visa vya Pele, mungu wa kike wa volkeno, vyote vilihifadhiwa katika mele, yaani mashairi ya kuimbwa. Mele yaweza kuimbwa bila kuchezwa, lakini hula bila mele hakuna.

Tuzingatie mambo matatu:

(a) Ala. Hula ya kale, kahiko, hufuata sauti ya mwimbaji pamoja na pahu, ambayo ni ngoma ya gogo la mnazi iliyowambwa ngozi ya papa, au kibuyu kinachopigwa kwa kiganja. Hula ya kisasa, 'auana, ina gita na ukulele.

(b) Viungo. Magoti hukunjwa kidogo, miguu hushika mdundo, na mikono husema maneno: mvua, wimbi, ua, mlima. Ukikosea mkono, umekosea neno.

(c) Mafumbo. Maana iliyofichwa huitwa kaona. Mvua yaweza kuwa mvua tu, tena yaweza kuwa mpenzi. Sisi tuliowahi kuumwa kichwa na mashairi ya mafumbo darasani tunaelewa!

Sasa tuje kwenye historia. Mwaka 1820 wamishonari waliwasili kutoka Marekani, wakaiona hula kuwa ushenzi. Mwaka 1830 Malkia Ka'ahumanu, ambaye alikuwa amebatizwa, akaipiga marufuku hadharani. Je, ilikufa? La hasha! Walimu wake, kumu hula, waliendelea kufundisha kichinichini. Mwaka 1883 Mfalme Kalakaua akairudisha uwanjani katika sherehe ya kutawazwa kwake, ingawa wengine walinuna.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa la lugha. Ufalme ulipinduliwa mwaka 1893, na sheria ya mwaka 1896 ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Watoto wakaadhibiwa kwa kusema Kihawaii shuleni. Sisi tuliosimuliwa na wazazi wetu habari za kuvishwa "monto" hatuhitaji kuelezwa zaidi. Lugha ilipodhoofika, wachezaji wengi wakawa wanacheza maneno wasiyoyaelewa.

Miaka ya 1970 upepo ukageuka. Mashindano ya hula katika tamasha la Merrie Monarch, mjini Hilo, yalianza mwaka 1971, na mwaka 1978 Kihawaii kikawa lugha rasmi. Ngoma na lugha ziliinuka pamoja, maana moja haisimami bila nyingine.

Basi ndugu mwanafunzi, wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lakini anayeicheza mila bila kuielewa naye je? Tunapojiandaa kwa tamasha la muziki, tukifunzwa wimbo wa kwetu, tusikimbilie kujifunga njuga. Kwanza tumuulize nyanya: maneno haya yana maana gani?